Sanaa ya Majibizano katika Nyanda za Kigoma: Nani Anaandika Mwisho wa Mchezo?

UTANGULIZI

Neno "ushirikishaji" limeenea sana katika shughuli za utamaduni. Karibu kila mradi wa sanaa unaopelekwa vijijini husemwa kuwa ni shirikishi, na vikundi vingi vinavyoomba msaada hujieleza kuwa vinafanya sanaa ya majaribio. Neno likishakuwa la kila mtu, hapana budi likaguliwe upya, ili ijulikane limebeba nini na linaficha nini. Makala hii inakusudia kufanya ukaguzi huo kwa kutazama Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, pamoja na Buhigwe na Kakonko, wilaya zilizozaliwa kutokana na hizo mbili mwaka 2012.

Hoja yetu ni hii. Sanaa ya majibizano ni ile ambayo mwisho wake haujulikani mpaka wananchi wawe wamesema. Kuwafanya watazamaji waitikie wimbo, au kuwapa kipaza sauti kwa dakika tano za mwisho, hakutoshi kuipa sanaa jina hilo. Kwa maana hiyo, msaada unaomlipa msanii ili aufikie mwisho uliokwisha andikwa mahali pengine haumsaidii msanii huyo, bali unamnunua. Swali linalowahusu makada, maofisa utamaduni na wanafunzi wa vyuo vyetu si kama wasanii wa mikoani wasaidiwe au wasisaidiwe. Swali ni wasaidiwe kwa namna gani ili sanaa yao ibaki kuwa swali la wananchi wenyewe.

JADI YA KUJIBIZANA

Yafaa kwanza tuondoe kasumba moja. Wapo wasomi wanaodhani kwamba sanaa inayomtoa mtazamaji kwenye kiti chake na kumfanya mtendaji ni mali iliyoletwa na wageni. Wanamtaja Augusto Boal wa Brazili, ambaye kitabu chake juu ya sanaa za maonyesho za wanaoonewa kilitoka mwaka 1974, na ambaye katika michezo yake mtazamaji aliruhusiwa kuusimamisha mchezo, kuingia mahali pa mwigizaji na kujaribu njia nyingine. Wanamtaja pia Paulo Freire, Mbrazili mwenzake, ambaye mawazo yake yalisomwa sana na watu wa elimu ya watu wazima nchini Tanzania katika miaka ya 1970. Watu hawa wanastahili heshima, lakini mtoto wa Kitanzania hakuwahitaji ili ajue kwamba hadithi ina pande mbili. Msimulizi anaposema "Paukwa!" hawezi kuendelea mpaka aliyekaa mbele yake aseme "Pakawa!" Asipojibiwa, hadithi haipo.

Katika nchi ya Waha jambo hili linaonekana hata nje ya ngoma na hadithi. Salamu za Waha ni ndefu, huenda pamoja na kupiga makofi, na kila upande hungoja zamu yake. Ngoma nazo zina mwanzilishi na waitikiaji, na duara la watu wanaotazama ndilo linaloamua nani aingie katikati na nani atoke. Ng'ambo ya Kigoma, Usukumani, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vimeshindana kwa miaka mingi, na hakimu wao mkubwa ni umati wenyewe: upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Hapa mtazamaji ana nguvu ya kweli, maana kwa miguu yake anaweza kuumaliza mchezo wa mtu.

Hata hivyo tusiiabudu jadi. Buha ya zamani ilikuwa na watawala na watawaliwa. Mkataba wa ng'ombe ulioitwa ubugabire ulimfunga mpokeaji wa ng'ombe katika utumishi wa mtoaji. Katika jamii ya namna hiyo ziko ngoma zilizomuuliza mkubwa, na ziko zilizomsifu tu. Jirani zetu wa Burundi, ambao lugha yao na Kiha ni ndugu wa karibu, wana ngoma za kifalme zilizoingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni. Mwaka 2017 amri ya serikali ya huko iliwakataza wanawake kuzipiga, na ikaagiza kwamba maonyesho yake yapate idhini. Ngoma ile ile, ambayo mbele ya dunia ni urithi wa wote, nyumbani imewekewa mlango na bawabu. Kwa hiyo kusema kwamba sanaa fulani ni ya jadi hakutoshi. Lazima tuulize katika sanaa hiyo nani anaruhusiwa kusema, na nani analazimika kuitikia.

NGONJERA NA MAZOEA YA KUJIBU KABLA YA KUULIZWA

Baada ya Uhuru, utamaduni ulipewa nafasi ya juu. Katika hotuba yake ya Jamhuri ya tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, washairi waliitwa mwaka 1968 na kuombwa waeneze maana ya Azimio kwa wananchi. Kutokana na wito huo ilienea ngonjera, mtindo uliokuzwa na Mathias Mnyampala, ambamo watu wawili au zaidi hujibizana kwa mashairi.

Mchango wa ngonjera ni mkubwa na haufai kubezwa. Katika wilaya kama Kasulu na Kibondo, ambako lugha ya nyumbani ni Kiha, ngonjera na kwaya ziliwaweka watoto wa wakulima mbele ya umati wakizungumza Kiswahili juu ya mambo ya taifa lao. Mtoto ambaye baba yake alikuwa hajawahi kusikilizwa na karani wa boma alisimama kwenye sherehe za Saba Saba akaeleza maana ya kujitegemea. Hilo lilikuwa jambo jipya.

Lakini tukiichunguza ngonjera kwa jicho la uhakiki tunakuta kasoro katika umbo lake. Ngonjera nyingi zina mjinga anayeuliza na mwerevu anayejibu. Mjinga hubisha kidogo, kisha huelewa, kisha hushukuru, na mwisho wote wawili huimba pamoja. Kwa sura ni majibizano, ila jibu lilikuwapo kabla ya swali. Yule mjinga hakupewa hata siku moja hoja nzuri ambayo mwerevu angeshindwa kuijibu. Wananchi waliokuwa wakitazama walijifunza somo ambalo halikuandikwa katika beti: kwamba kazi ya anayeuliza ni kukubali.

Kasoro hii ilikuwa na matokeo nje ya jukwaa. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea kiburi na ubwana wa viongozi, ukaagiza kwamba wananchi wahusishwe katika kuyafikiria, kuyapanga na kuyatekeleza maendeleo yao. Mwaka uliofuata ikaanza Operesheni Kigoma ya kuwahamishia watu katika vijiji. Tendo hilo lilihusu mambo ambayo mkulima wa nyanda za juu anayajua kuliko ofisa yeyote: shamba liko umbali gani na nyumba, udongo upi unachoka upesi, maji ya kiangazi yanapatikana wapi. Nyimbo za kuusifu uhamaji zilikuwapo. Hakukuwapo jukwaa ambalo mkulima angeweza kuyauliza mambo haya mbele ya viongozi na kujibiwa. Mahali pengi watu walihamishwa kwa amri, kinyume cha Mwongozo uliokuwa mikononi mwa wale wale waliowahamisha. Hatudai kwamba mchezo mmoja wa kuigiza ungeibadilisha Operesheni. Tunasema kwamba chombo cha kuulizia hakikuwapo, na sanaa, ambayo ingeweza kuwa chombo hicho, ilikuwa imepewa kazi nyingine.

Wakati huo huo, majaribio makubwa ya umbo yalikuwa yakifanyika Dar es Salaam. Ebrahim Hussein alitoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi mwaka 1976, akiutumia usimulizi wa jadi mahali pa tamthilia ya pazia na vyumba. Penina Muhando alitoa Nguzo Mama mwaka 1982, mchezo juu ya kuhangaika kwa wanawake kuisimamisha nguzo yao. Kazi hizi ni hazina ya fasihi yetu. Hata hivyo zilisomwa zaidi madarasani kuliko zilivyochezwa uwanjani kijijini, na majaribio yake yalihusu namna ya kusimulia. Lilibaki jaribio jingine gumu zaidi: kumkabidhi mkulima haki ya kuchagua ni jambo gani lisimuliwe.

MAFUNZO YA MALYA

Jaribio hilo lilifanyika Malya, katika Wilaya ya Kwimba, Mkoa wa Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama (ndiye Penina Muhando tuliyemtaja), Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda huko bila mchezo mkononi. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza nao matatizo ya kijiji, wakachambua nao sababu zake, kisha ngoma, nyimbo na maigizo vikatungwa na wanakijiji wenyewe kutokana na uchambuzi huo. Miongoni mwa matatizo yaliyojitokeza ni mimba za wasichana wa shule. Baada ya onyesho ulifuata mjadala wa kijiji, na baada ya mjadala ikatarajiwa hatua. Kazi za namna hiyo zilifuata Bagamoyo, Msoga na kwingineko, na Mlama aliziandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1991.

Mambo matatu ya Malya yanastahili kuzingatiwa na kila anayetaka kuwasaidia wasanii wa Kasulu na Kibondo.

La kwanza ni mpangilio wa kazi. Onyesho halikuwa mwanzo wala mwisho. Lilitanguliwa na uchunguzi na likafuatwa na mjadala. Msaada unaolipia siku ya onyesho peke yake unalipia sehemu ndogo ya kazi, tena ile iliyo rahisi kupigwa picha.

La pili ni uzito wa swali. Mimba za wanafunzi si jambo la kumlaumu "mwananchi" asiye na jina. Mimba ina mwenyewe. Mchezo unaoliuliza jambo hili kwa ukweli lazima uguse watu wazima waliomo katika umati ule ule, na pengine wenye heshima. Ndiyo tofauti kati ya mchezo unaosema "jamani tubadilike" na mchezo unaofanya watu fulani watazame chini. Kipimo cha sanaa ya majibizano ni kama yupo mtu mwenye nguvu aliyepaswa kujibu, na kama alijibu.

La tatu ni udhaifu wake. Kazi ilichochewa na walimu waliotoka mbali, wenye vipindi vya kufundisha na safari ndefu ya kurudi. Mchochezi akiondoka, nani anakiita tena kijiji kikae? Njia hii haiwezi kudumu pasipo watu wa mahali penyewe wenye ujuzi na nafasi ya kuifanya. Hapo ndipo suala la wasanii wa mikoani linapokuwa la msingi. Msanii wa Kasulu hatakiwi awe mkono wa mtaalamu wa Dar es Salaam. Anatakiwa awe ndiye mtaalamu.

GHARAMA YA SWALI LA KWELI

Kuna somo jingine, nalo liko Kenya. Huko Kamiriithu, karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi, na mwaka 1977 wakaigiza kwa Kikuyu mchezo Ngaahika Ndeenda wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wanakijiji waliusahihisha mchezo: wafanyakazi wa viwandani walijua mambo ya mishahara na zamu kuliko waandishi, na wazee walijua mzee husemaje. Mwezi Novemba mwaka huo leseni ya maonyesho iliondolewa. Tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini kwa karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ulibomolewa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya dola ya mabwanyenye, hayatuhusu. Jibu hilo ni jepesi mno. Ni kweli kwamba Malya haikuvunjwa na askari. Lakini kitu kinachoweza kuiua sanaa ya majibizano si bomoabomoa peke yake. Inaweza kufa kwa kibali kinachocheleweshwa mpaka msimu wa kilimo uanze. Inaweza kufa kwa kiongozi anayefungua onyesho kwa hotuba ya saa nzima kisha akaondoka kabla ya mjadala. Inaweza kufa pia kwa kupewa fedha, na huo ndio ugonjwa unaotusumbua zaidi katika nyanda za Kigoma.

HALI YA KASULU NA KIBONDO

Historia ya nyanda hizi ni historia ya watu walioamuliwa mambo. Wakoloni waliifanya Buha kuwa ghala la nguvukazi. Wakala wa mashamba ya mkonge, SILABU, waliandikisha vijana wa Kasulu na Kibondo na kuwapeleka manamba katika mashamba ya mbali, ya Tanga na kwingineko, huku reli na kodi vikifanya kazi ya mnyapara. Baada ya Uhuru ikaja Operesheni tuliyoitaja. Kisha vita vya nchi jirani vikawaleta wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, katika Wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Kongo, na mwaka 2015 ikapokea maelfu kwa maelfu ya Warundi. Katika Wilaya ya Kibondo kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka huo huo. Kufunguliwa kwa kambi na kufungwa kwake, ruhusa ya kutoka kutafuta kuni, kuwapo au kutokuwapo kwa soko la pamoja kati ya wakimbizi na wenyeji: yote haya yanamgusa mama wa kijiji cha Makere kama yanavyomgusa mama wa kambini, na yote huamuliwa mbali na wote wawili.

Sambamba na hayo, mazingira ya sanaa yalibadilika. Vikundi vya sanaa vya taifa vilikuwa vimekwisha vunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa mwaka 1981. Baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, matumizi ya serikali yalibanwa, na mashirika ya umma yaliyokuwa yakilea vikundi vya ngoma yalidhoofika au kuuzwa. Pengo hilo lilizibwa na wafadhili. Msanii wa wilayani aliyekuwa akiimba kwa ajili ya sherehe za kitaifa akawa anaigiza kwa ajili ya mradi: leo ukimwi, kesho kipindupindu, keshokutwa vyandarua.

Mchezo wa mradi unajulikana kwa kila aliyekaa vijijini. Gari linafika na spika. Muziki unapigwa mpaka watoto wajae. Anatokea mlevi, maana lazima awepo mlevi, naye anakataa ushauri. Anatokea mke anayelia. Anatokea mtaalamu mwenye koti jeupe anayeeleza. Mlevi anaelewa. Kisha kiongozi wa msafara anawauliza watazamaji, "Mmejifunza nini?" na anayerudia vizuri maneno ya mtaalamu anapewa fulana. Taarifa inaandikwa kwamba mchezo ulikuwa shirikishi.

Ndugu msomaji atatambua kwamba hii ni ngonjera ile ile iliyobadilisha nguo. Mjinga yupo, mwerevu yupo, shukrani ipo. Kilichobadilika ni kwamba zamani mwerevu alikuwa mjumbe wa taifa lililochaguliwa na wananchi, na leo mara nyingi ni mjumbe wa bajeti ambayo wananchi hawakuiona. Tena mambo yanayowauma watu hasa hayamo katika mchezo huo. Mgogoro wa ardhi kati ya wakulima na Msitu wa Hifadhi wa Makere Kusini umesumbua vijiji kwa miaka mingi. Bei ya maharagwe na tangawizi shambani haifanani na bei ya mjini. Kuni zimegombanisha wenyeji na wakimbizi. Haya hayana koti jeupe la kuyajibu, kwa hiyo hayaigizwi.

Wasanii hawastahili kulaumiwa kwa hili. Mtu mwenye njaa na kipaji hufanya kazi iliyopo. Na haifai kusema kwamba elimu ya afya haina maana, kwani kipindupindu kinaua na kumwambia mtu achemshe maji ni jambo jema. Ila tangazo liitwe tangazo. Tukiliita sanaa ya majibizano, tunamwibia mwananchi jina la kitu ambacho hajakipata bado, na siku atakapokidai tutamwambia ameshapewa.

Upande wa pili, mkusanyiko wa watu katika nyanda hizi ni utajiri wa sanaa ambao mikoa mingi haina. Hapa Kiha, Kirundi na Kiswahili cha Kongo vimekaa jirani kwa miaka mingi. Katika Kivu Kusini, ambako ndiko walikotoka wengi wa Nyarugusu, shirika la Search for Common Ground limetumia maigizo ya majadiliano katika migogoro ya vijiji tangu miaka ya 2000. Mpiga ngoma wa Kirundi, mwigizaji wa Kikongo na mtunzi wa Kiha wakikaa pamoja kuliuliza swali la kuni, kila mmoja kwa upande wake, hapo ndipo majaribio yanapokuwa ya kweli. Hakuna chuo cha Ulaya kinachoweza kuwafundisha swali hilo.

PINGAMIZI

Pingamizi la kwanza litatoka kwa makada. Watasema: kuliacha swali bila jibu ni kuwaacha wananchi bila uongozi, na mjanja mwenye maslahi yake ataliteka jukwaa. Hofu hii ina msingi. Lakini dawa yake si kuandika jibu mapema. Dawa ni kiongozi kuwapo, akae mpaka mwisho, aseme hoja yake kama mtu mmoja kati ya watu. Kiongozi mwenye hoja nzuri hahitaji mjinga wa kuigiza ili ashinde. Na asiye na hoja, ni heri kijiji kijue mapema.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kijijini kwenyewe. Kijiji si kitu kimoja. Ukiwaita watu "waseme", mara nyingi watasema wanaume, wenye mali na waliozoea mikutano, na mama aliyekuja na mtoto mgongoni atanyamaza. Majibizano ya namna hiyo yanaweza kuwa ubugabire mpya. Hapa tunao mfano wa nyumbani. Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliwafundisha wasichana wa sekondari kuyatambua matatizo yao, kuyaigiza na kuyadai ufumbuzi, nao baadaye ukaenea katika nchi nyingine za Afrika. Somo lake ni kwamba asiyezoea kusema hupewa kwanza mahali pake pa kuzungumza na wenzake, ndipo aende mbele ya umati akiwa na sauti ya kundi nyuma yake. Kwa Kasulu maana yake ni kwamba wanawake na vijana wawe na mazoezi yao na maswali yao kabla ya uwanja wa wote.

Pingamizi la tatu ni la fedha: wilaya ina shule zisizo na madawati, itawezaje kugharamia michezo? Tunajibu kwamba fedha za michezo zipo tayari na zinatumika. Mradi unaojenga kisima mahali ambapo watu hawakukitaka umekwisha poteza mara nyingi gharama ya mjadala ambao ungezuia kosa hilo.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, swali litoke kijijini. Anayetoa msaada asitaje mada. Ataje muda na mahali, na aridhike kusubiri wananchi waseme wanataka kuuliza nini. Asiyeweza kusubiri atoe tangazo redioni, maana redio inafika mbali zaidi.

Pili, msanii alipwe kwa muda wote wa kazi: siku za uchunguzi, siku za kutunga, siku ya onyesho, na marejeo ya baada ya miezi kadhaa kuulizia yaliyoamuliwa. Posho ya siku moja humfanya msanii awe mpita njia katika kijiji chake mwenyewe.

Tatu, vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 na ambavyo viko Kasulu na Kibondo pia, viwe makao ya kazi hii. Vina mabweni, vina uwanja, na wanafunzi wake hurudi vijijini kwao. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo na Chuo Kikuu vipeleke walimu huko kwa kozi fupi, badala ya kungoja kijana wa Kibondo apate nauli ya kwenda pwani. Wanachuo wa ualimu wa Kasulu wajifunze njia hii wapate kwenda nayo shuleni.

Nne, utaratibu wa vibali chini ya sheria ya mwaka 1984 iliyounda Baraza la Sanaa la Taifa urahisishwe kwa vikundi vya vijiji. Ofisa utamaduni wa wilaya apimwe kwa idadi ya vikundi alivyovisaidia kusimama na si kwa idadi ya vile alivyovizuia.

Tano, kiongozi aliyealikwa asipewe nafasi ya kufungua. Apewe nafasi ya kujibu. Na yaliyoahidiwa yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano wa kijiji, ili onyesho lijalo lianzie hapo.

HITIMISHO

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hutajwa sana wasanii wanapoomba fedha, ila maana yake ni pana kuliko fedha. Anayetunzwa ni yule anayecheza kwao, mbele ya watu wanaomjua, wanaoweza kumwambia umekosea, na ambao kesho atakutana nao kisimani. Watu hao ndio hakimu wake. Msaada unaomwondolea hakimu huyo na kumwekea mwingine aliye mbali umemtoa kwao hata kama hajahama nyumba.

Kazi iliyo mbele ya makada na wanafunzi ni kulinda uhusiano huo. Tuwape wasanii wa Kasulu na Kibondo muda, mahali na ujuzi, kisha tukae mbele yao kama wengine. Tukiulizwa, tujibu. Tukishindwa kujibu, tuandike swali lile na kulipeleka mahali panapostahili, kwa maana hiyo nayo ni kazi ya uongozi.